Mkia wa Kagendo

Mutwiri,

Nimekukasirikia. Nianze hapo hapo, maana mazishini sikupewa nafasi ya kusema, na hata ningepewa ningesema haya haya mbele ya padri, mbele ya kwaya, na mama yako akiwa amekaa pale mbele kwenye kiti cha plastiki. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema ulikuwa mpole, ulikuwa mtu wa watu, hukuwahi kukosana na mtu. Kukosana! Mimi na wewe tulikosana kila wiki. Halafu mheshimiwa akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa na ndoto. Akarudia, marehemu alikuwa na ndoto kubwa sana. Kila aliyemfuata akaokota neno hilo hilo. Nilikuwa nyuma karibu na masufuria ya chakula, nikauma leso yangu nisije nikapiga kelele.

Ndoto gani? Hakuna hata mmoja aliyesema ulikuwa ukitengeneza nini. Kwenye karatasi ya ibada waliandika "alipenda ndege," kama mtu anayefuga njiwa. Na mimi wakaniweka mwisho kabisa, baada ya majirani na chama cha maji: Igoki wa Embu, rafiki wa kazi. Sawa. Rafiki wa kazi sasa anasema kazi ilikuwa ipi, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsikiliza, utasikiliza wewe.

Ulikuwa ukitengeneza ndege ya kufundishia urubani. Ndogo, ya viti viwili, mwalimu na mwanafunzi bega kwa bega, ili mtoto wa mkulima wa kwenu Kiirua au wa kwetu Kianjokoma ajifunze kuruka huku huku nyumbani. Mimi nilikuwa nimefundisha Nairobi miaka mingi, na ulipokuja kunitafuta, swali lako la kwanza lilikuwa, "Igoki, ni nini unachukia kwa hizo ndege?" Hukuuliza ninachopenda. Uliuliza ninachochukia. Hapo ndipo uliponikamata, mjanja wewe.

Nikakuambia zina pumzi fupi. Zilichorwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Zilete huku kwetu juu kwenye hewa nyepesi, saa saba mchana jua likiwaka, uone zinavyohema kama mtu anayepanda kutoka mtoni na gunia la viazi mgongoni. Mwanafunzi anaumaliza uwanja wote na magurudumu bado yako chini. Ulirudi Kiirua ukaanza kuchora bawa refu.

Tulianzia kwenye stoo ya viazi ya marehemu baba yako, na mpaka leo ukiinama chini ya kiti cha mwalimu unapata harufu ya viazi. Bawa la kwanza tulilipakia mifuko ya mchanga mpaka likavunjika, makusudi kabisa, tujue litavunjikia wapi. Majirani wakaja kwenye ua wakatazama watu wazima wawili wanashangilia kitu kuvunjika, wakaenda zao wakitikisa vichwa. Injini ya kwanza ilikuwa nzito, pua ikainama, tukaitoa. Milango uliibadilisha mpaka nikakuambia tuipeleke bila milango. Halafu ile siku niliporuka nayo mara ya kwanza juu ya ngano, mchana, jua kali, magurudumu yakaachana na ardhi kabla sijafika kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Ulilia. Usikatae, nilikuona nilipopita juu.

Jioni hiyo ndipo ulipoipa jina la mama yako. Kagendo, mtu wa safari. Na mchezo ukaishia hapo. Huko kwenu Meru, kama kwetu Embu, jina la mzazi halichezewi. Mtoto akipewa jina la mama yako, huyo ni mama yako. Humpigi, humtukani, na ukimwita unamwita mama. Mimi nilidhani kwa ndege ungelegeza kidogo. Wapi! Siku injini ilipokataa kuwaka nikapiga gurudumu teke nikaiita punda, uliweka spana chini ukanijia umevimba: "Usitukane mama." Nikadhani unatania. Hukuwa unatania. Ikabidi niombe gurudumu msamaha, na wewe umesimama hapo unahakikisha.

Sasa sikiliza kinachoniuma.

Wewe uliyekuwa ukipitisha kidole kwenye kila riveti. Wewe uliyeniteremsha asubuhi moja injini ikiwa imeshawaka kwa sababu umesikia mlio usioupenda, na mlio wenyewe ulikuwa kijiko kilichosahaulika chini ya kiti. Wewe huyo huyo kifua kilikuwa kikikubana miezi na miezi, na unaniambia ni gesi. Ni gesi tu, Igoki. Ni yale maharagwe ya jana. Unatafuna tembe za tumbo kama karanga. Nikakuambia twende hospitali, Meru mjini si mbali, nitaendesha mimi. Tukimaliza mkia, ukasema. Kila kitu kilikuwa tukimaliza mkia. Kama ndege ingetoa dalili kama zile za kifua chako, ungeifungua yote mpaka parafujo ya mwisho! Lakini kifua, aa, kifua ni maharagwe.

Walikukuta umekaa sakafuni umeegemea gurudumu, chai imepoa kando yako. Na mkia ulikuwa umeshaumaliza. Umeufunga, umeupaka rangi, umefagia na vumbi lote. Mutwiri, ulipata nguvu za kufagia, ukakosa za kunipigia simu? Nimeuliza swali hili jikoni kwangu kwa sauti, mpaka jirani akagonga kujua kama niko salama.

Na huo mkia wenyewe ndio tulioachana tukigombania. Mama yako aliniuliza juzi ugomvi ulikuwa wa nini, nikamweleza hivi. Mwanafunzi akivuta pua juu sana huku mwendo umeisha, bawa moja hudondoka, na ndege huanza kuanguka ikizunguka kama pia ya watoto. Ndege ya kufundishia lazima ikubali kutoka kwenye hiyo pia. Mwanafunzi akikanyaga pedali ya upande wa pili na kusukuma fimbo mbele, usukani wa mkia unashika hewa na mzunguko unakatika. Usipokatika, umeua mtoto wa mtu. Na usukani wetu ulikuwa ukifunikwa na lile bawa dogo la nyuma. Haukuwa ukipata hewa ya kutosha.

Wewe ukasema tupandishe bawa dogo juu. Mimi nikasema haitoshi, turefushe usukani ushuke hadi chini ya bawa. Ukasema utakuwa mzito, utakwaruza ardhi tukitua. Nikasema uzito bora kuliko jeneza. Ukasema, "Wewe endesha, mimi nachora." Nikachukua mkoba wangu nikaenda Embu, wewe ukalipandisha bawa dogo ulivyotaka, na wiki hiyo hiyo ukafa. Ukafa na neno la mwisho mdomoni, kama kawaida yako.

Bado kulikuwa na njia moja tu ya kujua nani kati yetu alikuwa sahihi. Kuipandisha juu na kuiangusha.

Lakini kumbe kulikuwa na kamati. Hata maua ya kaburi hayajakauka, kaka yako Kirimi akatia kufuli kwenye stoo. Kufuli mpya, kubwa ya kufungia benki. Nikampigia simu, akaniambia, "Wewe Igoki tulia, familia inapanga kitu mzuri." Kitu mzuri chenyewe ni nguzo ya simiti kwenye njia panda ya Kiirua, pale pikipiki zinaposubiri abiria. Na juu ya nguzo, Kagendo. Atolewe injini awe mwepesi, apitishwe vyuma tumboni, apakwe rangi, awekewe taa. Na chini kibao chenye uso wako na uso wa mheshimiwa. Wa mheshimiwa mkubwa kuliko wako!

Nilipofika Kiirua, shimo la nguzo lilikuwa limeshachimbwa. Nikaenda stoo, nikakuta kufuli iko wazi na fundi wa kuchomelea vyuma yuko ndani anapima. Alikuwa amechora msalaba wa chaki kwenye tumbo la ndege, mahali pa kupitisha chuma. Chini ya kiti cha mwalimu. Kiti changu. Niliufuta ule msalaba kwa kiganja mpaka kiganja kikawa cheupe, na yule fundi, maskini, akarudi nyuma akisema, "Madam, mimi nimetumwa tu." Nikamwambia na mimi nimetumwa. Hakuuliza na nani.

Kirimi akaja mbio. Tukazozana hapo hapo mlangoni, na wapita njia wakasimama. Nikamwambia ndege haijakamilika, imebaki jaribio moja, na hilo ndilo lenye maana kuliko yote. Unajua alinijibu nini? "Ukirusha hiyo kitu ikuwe mbaya, utaharibu jina ya ndugu yangu. Ikikaa juu ya nguzo, hakuna mtu atawahi kusema Mutwiri alikosea." Na alikuwa akilia akisema hivyo. Hapo ndipo aliponikasirisha kupita kiasi, kwa sababu angekuwa mtu mbaya ningejua la kumfanya. Anakupenda, huyo mtu. Alikuwa tayari kukuweka juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kukuuliza swali.

Mimi sikuwa na haki yoyote. Ndege ilikuwa yako, kwa hiyo sasa ni ya kwenu, na mimi ni rafiki wa kazi. Kamati ikaweka siku ya kikao nyumbani kwa mama yako, kukubaliana siku ya kuipandisha nguzoni. Sikualikwa. Nikaenda.

Walikuwa wamejaa sebuleni, wazee wa ukoo, wanakamati, kijana mmoja wa mheshimiwa ambaye hakuacha kugusa simu. Chai ikapita, viazi vitamu vikapita. Nikasimama kuongea, nikakatizwa. "Sasa wewe mama, hii ni mambo ya familia." Nikaendelea, nikakatizwa tena. Nikapandisha sauti, wakapandisha zao. Mama yako alikuwa kwenye kona karibu na dirisha, na tangu tukuzike hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya ndiyo na hapana. Akagonga sakafu na fimbo yake. Akauliza kwa Kimeru, polepole, hiyo ndege inaitwa nani.

Watu wakatazamana. Kirimi akasema, "Kagendo, mama."

Kagendo gani?

"Ni wewe, mama."

"Na ni wapi mnataka kunitundika?"

Mutwiri, natamani ungekuwepo. Ningelipa chochote uone nyuso zile. Mzee mmoja alianza kusema hii ni heshima, mama, ni kumbukumbu, na mama yako hata hakumtazama. Alikuwa akimtazama Kirimi. Akamwambia, una Kagendo mwingine nyumbani kwako, anasoma darasa la nne, kila asubuhi unamwambia mama vaa viatu, mama umekunywa uji. Huyo shimo lake umechimba wapi?

Kirimi aliweka kikombe chini. Nusu ya chai ikamwagika mezani. Kijana wa mheshimiwa akajaribu, akasema hizo ni mila za kizamani, na mzee aliyekuwa akitetea heshima dakika hiyo hiyo akamgeukia akamuuliza mama yake anaitwa nani. Kijana akaangalia simu yake. Mama yako akainyoosha ile fimbo kwangu akasema, "Wewe. Nipeleke pale mtoto wangu alikuwa ananipeleka."

Basi, mambo yakawa hivyo. Lile shimo liko hadi leo, limejaa maji ya mvua, na bata wa yule mama wa hoteli wanaogelea humo. Kufuli alinipa Kirimi mwenyewe, na ufunguo. Nami nikamwambia kwa bei ya ufunguo, kesho tunaenda hospitali mimi na yeye kupimwa vifua. Akakataa. Akasema yeye hana shida, ni gesi tu. Aisee, nilimvuta kwa koti. Amekutwa na presha ya kutisha, sasa anameza dawa asubuhi na mama yako anamsimamia. Ungekuwa umenipa nafasi ya kukuvuta kwa koti, Mutwiri. Ulikuwa na koti pia.

Leo asubuhi tumerusha.

Kirimi alishika ncha ya bawa tukiisukuma nje, na mama yako alikuwa kando ya uwanja na blanketi lake na kiti chake cha plastiki. Nilivaa parachuti. Nilipita birika la ng'ombe nikiwa juu tayari, vile ulivyoahidi, na nikaendelea kupanda mpaka Kiirua ikawa mabati machache yanayong'aa kwenye ngano. Nilikuwa bado nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika tangu mazishi, nimechoka kukasirika, na nikafikiri sasa tutajua.

Nikapunguza injini. Nikavuta pua juu, nikangoja. Kagendo akatetemeka. Nikakanyaga pedali ya kushoto, bawa likadondoka, na dunia ikaanza: ngano, mlima, ngano, mlima. Nikakanyaga kulia, nikasukuma fimbo mbele. Ulisema atatoka kabla hajamaliza mzunguko mmoja. Uliapa.

Hakutoka. Ngano, mlima, ngano, mlima. Pedali imefika mwisho na mguu wangu bado unaisukuma. Nikakutukana, Mutwiri. Nilikutukana kwa Kiembu, matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua, na mkono wangu mmoja ulikuwa umeshafika kwenye kamba ya parachuti. Ndipo akasita. Akatikisa mkia mara moja, mbili, kama ng'ombe anayefukuza nzi, na akatoka. Nikavuta pua, nikasikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya vifaa vya masikio. Halafu nikapanda tena nikarudia, maana mara moja si kipimo. Akafanya vile vile. Anatoka, lakini anachelewa. Mimi nitatoka. Mwanafunzi hatatoka.

Nilipotua, Kirimi alikimbia akiwa ameshika kofia. Hakuniuliza kama niko salama. Aliniuliza, "Alikuwa right?"

Nikamwambia alikosea. Nilimwambia wazi wazi, nikiwa bado nimefungwa mkanda. Ndugu yako alikosea, alifika nusu ya njia, na nilimwambia wakati ule na hakusikia. Nilidhani Kirimi ataanguka. Badala yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainama akashika magoti, na machozi yanamtoka, anasema, "Huyo sasa ndio ndugu yangu. Kichwa ngumu. Huyo ndio yeye." Tangu tukuzike hakuna aliyekutaja hivyo. Walikuwa wakimtaja mtu mwingine mpole nisiyemjua.

Mama yako akauliza tunacheka nini. Nikaenda nikapiga magoti karibu na kiti chake nikamweleza, mkia bado. Akauliza, kwa hiyo kazi haijaisha? Nikasema haijaisha, mama. Akajifunga blanketi vizuri akasema basi kesho nije mapema.

Nitakuja mapema. Nakuahidi haya, na unisikie vizuri kwa sababu mara hii huwezi kubisha. Usukani utashuka chini ya bawa dogo, kama nilivyosema. Ukikwaruza ardhi nitainua gurudumu la nyuma. Nitamwangusha Kagendo tena na tena mpaka atoke haraka hata kwa mtoto aliyeshikwa na hofu, na wakaguzi wa Nairobi wakimpitisha, nitamkalisha mwanafunzi wa kwanza kushoto kwangu, na kabla hajagusa kitu chochote nitamwambia ndege hii ilitengenezwa na mtu aliyeitwa Mutwiri, ambaye alijua mabawa kuliko mtu yeyote, na alikosea kwenye mkia. Sitakuwekea nguzo. Na nikipiga gurudumu teke, nitaomba radhi.

Bado nimekukasirikia. Sijui kama itaisha, na sina haraka nayo. Lakini umechoka, najua, ulifagia hadi mwisho. Lala sasa, ndugu yangu. Mkia niachie mimi.

Igoki